Kukunja nondo ya alumini bila kuipasua: pete ya upembo wa maembe

Msimu wa maembe unapokaribia, kando ya Mto Tana kuanzia Hola hadi Ngao na Garsen, watu hutengeneza upembo: mwanzi mrefu wenye pete na wavu mdogo nchani, wa kuteremsha embe bila kuliangusha. Embe lililodondoka hupondeka ndani hata kama ganda halionyeshi kitu, na mnunuzi anayepakia lori la Malindi au Mombasa halitaki. Pete ya chuma inafaa, lakini anayeinua mwanzi wa mita tano tangu alfajiri anaujua uzito ulioko kule juu. Alumini ina uzito wa karibu theluthi moja tu ya chuma. Ndiyo maana wachumaji wanaitaka, na ndiyo maana ni vizuri fundi ajue kuikunja, kwa sababu haikunjwi kama chuma.

Ufa hautokei kwenye duara la pete. Hutokea kwenye kona mbili, pale pete inapogeuka kuwa mikia ya kufungia mwanzini, na sababu yake inahesabika. Nondo ikikunjwa, ngozi yake ya nje huvutwa. Kujua imevutwa kiasi gani, chukua unene wa nondo uugawanye kwa jumla ya unene huo na upana wa kitu cha mviringo unachoizungushia. Nondo ya milimita 8 ikizungushwa pete ya sentimita 25 huvutwa asilimia 3 tu. Nondo hiyo hiyo ikikunjwa kwenye kipande cha nondo cha milimita 16, ngozi ya nje huvutwa asilimia 33. Kwenye paipu ya inchi mbili, ambayo kwa nje ina milimita 60, ni asilimia 12. Kwenye paipu ya inchi tatu, yenye milimita 89, inashuka hadi 8.

Sasa linganisha na uvumilivu wa alumini yenyewe. Alumini laini, iliyo karibu safi, huvumilia asilimia 30 na zaidi kabla ya kukatika. Aloi ya 6061 iliyotiwa ugumu kamili, ile inayouzwa kwa alama ya T6, hukatika ikivutwa asilimia 12 hadi 17. Kwa hiyo paipu ya inchi mbili ni mpakani, na ya inchi tatu ni salama. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla ya kufikiria moto, panua kona. Upembo haudai kona kali. Wengi huikunja kwenye ukingo wa jiliwa kwa sababu jiliwa ndiyo iliyo karibu, na hapo hata fundi mwenye mkono mzuri ataipasua.

Chunguza pia nondo imetoka wapi. Iliyomiminwa kwenye mchanga kutokana na pistoni na maganda ya injini yaliyoyeyushwa ina silikoni nyingi. Haikunjiki, na moto hauisaidii. Kata kipande cha shubiri moja uvunje. Kikikatika ghafla na uso wake ukawa wa kijivu wenye chengachenga, kirudishe kwa wayeyushaji. Kikipinda kwanza ndipo kikapasuka polepole, kinafaa. Na ukiletewa nyaya za alumini zilizosokotwa ambazo muuzaji hataki kueleza zilikotoka, usinunue. Uharibifu wa nyaya za umeme ulifanya Rais Uhuru Kenyatta asitishe biashara yote ya vyuma chakavu Januari 2022, na Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamgusa mnunuzi pia. Kijiji kizima kukaa gizani kwa ajili ya pete ya maembe ni dhuluma.

Kwa pete ya sentimita 25, kata nondo ya sentimita 110: karibu 79 za duara na 15 kwa kila mkia, kisha kidogo cha kupunguza mwishoni. Weka alama za kona kwa kalamu, usizikwaruze kwa msumari. Mkwaruzo unaokatiza nondo ndio mlango wa ufa. Ukiuona, usugue kwa msasa laini kufuata urefu wa nondo hadi upotee. Meno ya jiliwa yafunike kwa vipande vya mbao.

Kama ni lazima kona iwe ndogo, au nondo ni ngumu na paipu pana haipatikani, ndipo uwashe moto. Hapa chuma huwapotosha watu. Chuma hukuonya kwa kuwa chekundu, alumini haionyi. Iliyo safi huyeyuka kwenye digrii 660 ikiwa na rangi ile ile ya mwanzo, na unachokiona ni nondo imelegea na kuanguka jikoni. Kwa hiyo tumia sabuni ya kipande, ya kufulia. Paka sabuni kavu mahali pa kona tu, kisha pasha kwa tochi ya gesi ukiisogeza huku na huku, au juu ya makaa yaliyotulia bila mvukuto. Makaa ya mti wa mathenge, yanayochomwa sana huku, yana moto mkali; ukiyapuliza utaiyeyusha. Sabuni itageuka kahawia, kisha nyeusi. Ikiwa nyeusi umefika takriban digrii 350 hadi 400, na hapo ondoa moto mara moja. Usiiguse kwa mkono, kwa maana nondo ya moto na ya baridi zinafanana kabisa machoni. Ifukie kwenye majivu makavu ipoe taratibu.

Pasha kona peke yake. Duara linakunjika likiwa baridi, na ugumu wake unauhitaji kubeba embe. Aloi ngumu ukishailainisha hairudishi nguvu yake ya kiwandani, na hiyo ndiyo bei halisi ya moto. Ndiyo sababu nimetanguliza paipu pana.

Kunja duara kwanza, kwenye kigogo cha mkoma kilichochongwa mviringo, chenye upana pungufu kidogo ya pete unayoitaka, kwa sababu alumini hufunguka ukiiachia. Sukuma kwa viganja, hatua kwa hatua, ukishika karibu na kigogo. Kona zifuate, kila moja kwa mwendo mmoja wa polepole, ukipitisha pembe kwa digrii chache ili irudi mahali pake. Ukihitaji kugonga, tumia nyundo ya mbao. Ukikosea pembe, usiirudishe na kuikunja tena. Kila mkunjo huongeza ugumu, na mkunjo wa pili au wa tatu ndio unaopasua. Ipashe upya kwa sabuni kabla ya kunyoosha.

Kagua ngozi ya nje ya kona mwangani. Ikiwa na vijishimo kama ganda la chungwa, alumini imefikia ukomo; pete hiyo itumie kwa kazi nyepesi au uanze nyingine. Ukiona ufa, hata mfupi, usiuzibe kwa solda wala gundi. Kata hapo.

Mikia ifungwe mwanzini kwa kamba ya nailoni, msokoto ukipanda hadi kwenye kona yenyewe, kwa kuwa kona isiyoegemezwa ndiyo inayobeba mzigo wote. Upembo unaokwenda Kipini, ambako Tana unaingia baharini, usiufunge kwa waya wa chuma: kwenye hewa ya chumvi alumini ikigusana na chuma huliwa, na unga mweupe utauona chini ya waya kabla ya msimu wa pili.