Taa za Breki Zikizima Tena na Tena

Ukitoka Mau Summit ukiteremka Sachangwan kuelekea Salgaa, dereva wa trela aliye nyuma yako hujua umekanyaga breki kwa kuona taa zako. Asubuhi ya ukungu hata umbo la gari lako halioni vizuri. Anachokiona ni ule wekundu tu. Taa zisipowaka, anagundua umepunguza mwendo wakati ameshakukaribia mno, na trela lenye mzigo halisimami upesi. Ndiyo maana hunisikitisha kuona mtu akibadilishiwa balbu ileile kila baada ya wiki chache, akilipa na kuondoka, bila yeyote kuuliza kwa nini inaungua.

Balbu ya breki ya kawaida, ya volti 12 na wati 21, inapaswa kukaa muda mrefu. Ikiungua mara ya pili upande uleule kwa muda mfupi, anza kutafuta chanzo.

Kwanza jua ni taa zipi zimezima. Mwombe mtu asimame nyuma ya gari ukikanyaga breki. Kama uko peke yako, rudisha gari karibu na ukuta jioni, kanyaga, utazame mwanga kwenye vioo. Magari mengi yanayotoka Japani yana taa tatu: mbili pembeni na moja juu katikati. Zote tatu zikizima pamoja, usihangaike na balbu. Tazama fyuzi, kisha swichi iliyo juu ya pedali. Ile ya juu ikiwaka na za pembeni zisiwake, kwa kawaida fyuzi na swichi ni nzima, nawe unapaswa kwenda nyuma ya gari. Na kwa gari la otomatiki, gia ikikataa kutoka kwenye P hata ukikanyaga breki, huku taa nazo haziwaki, shuku swichi au fyuzi yake.

Swichi hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini. Lala chini ya usukani na tochi, ufuate mkono wa pedali kwenda juu hadi uone kidude chenye ncha inayosukumwa na pedali yenyewe. Mahali ncha inapogusa, magari mengi yana kizibo kidogo cha plastiki au mpira kilichopachikwa kwenye tundu. Gari likizeeka, kizibo hukauka na kukatika. Ukiona vipande vidogo vya plastiki kwenye zulia la dereva, ndicho hicho. Ncha hupenya kwenye tundu, taa za breki zinabaki zikiwaka hata gari likiwa limezimwa, na asubuhi betri haina kitu. Wengi hununua betri mpya wakati kilichohitajika ni kizibo cha bei ndogo.

Kama shida iko nyuma, toa balbu uichunguze soketi. Ukiona plastiki imeyeyuka au vyuma vimekuwa vyeusi au vya kijani, balbu mpya haitakaa. Mgusano ukilegea hutoa joto, joto hulegeza mgusano zaidi, na mtikisiko wa barabara ya vumbi humaliza kazi. Vumbi letu la Nakuru ni laini, la udongo wa volkano, na likipata mpira wa taa uliopasuka huingia hadi ndani. Mvua ikifuata, kutu huanza. Safisha vyuma kwa msasa laini, vibane kidogo vishike balbu, na ubadilishe mpira. Soketi iliyoyeyuka usiisafishe, ibadilishe.

Kisha pima waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi. Washa taa za usiku, ukanyage breki. Taa ya upande mmoja ikififia badala ya kuongezeka mwanga, au indiketa ikianza kuwaka hafifu, ethi imelegea au imeshika kutu. Chukua kipande cha waya, unganisha ethi ya soketi na chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi. Mwanga ukirudi, umepata jibu: fungua skrubu ya ethi, kwangua, kaza.

Wenye Probox na magari mengine ya mlango wa nyuma wana mahali pao pa kuangalia. Waya za taa ya juu hupita kwenye mpira karibu na bawaba. Gari linalobeba viazi kutoka Molo hufunguliwa mlango huo mara nyingi kwa siku, na waya hukatikia ndani ya mpira bila kuonekana. Vuta mpira utoke, uvute kila waya taratibu. Uliokatika utavutika mkononi. Tazama pia kama mzigo umegonga soketi kwa ndani.

Waya uliochubuka ukigusa bodi ndio unaounguza fyuzi. Usiweke fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kifuniko, na usiweke kamwe waya wa shaba badala yake: kitakachoungua baadaye ni waya za gari, huku abiria wakiwa ndani.

Kama balbu za taa zote zinaungua, za mbele na za nyuma, acha soketi. Pima betri injini ikinguruma. Mita ikisoma kati ya volti 13.8 na 14.5, chaji iko sawa. Ikipita 15, peleka altaneta kwa fundi wa waya.

Mwisho, nunua balbu yenye wati zilezile na kitako kilekile. Iliyolazimishwa kwenye soketi huchanganya taa ya usiku na ya breki. Na fundi akitaka kukuwekea balbu ya tatu upande uleule bila kuishika soketi wala kupima ethi, tafuta fundi mwingine.