Somo la afya kazini: Kinundu kiitwacho granuloma, na jinsi hadubini inavyokisoma



Katika somo hili tutashughulika na neno moja ambalo wengi wetu tumeliona kwenye karatasi ya hospitali bila ya kuelezwa maana yake. Neno lenyewe ni granuloma. Mtu anakohoa miezi mingi, au ana uvimbe shingoni, au ini lake limekuwa kubwa. Anakatwa kipande kidogo cha nyama, kinapelekwa laboratwari, na baada ya siku kadhaa anarudishiwa karatasi ya Kifaransa yenye neno hilo. Anamwuliza jirani, na jirani anamwambia: hiyo ni igituntu. Mwingine anamwambia ni kansa. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema uongo. Na kwa mtu anayefanya kazi ya vumbi au ya maji, kulisoma neno hilo vibaya kunaweza kumnyima dawa inayomfaa, tena kunaweza kumnyima haki yake kwenye INSS.

Tuanze na mwili wenyewe. Mwilini mwetu mna askari wengi, na mmoja wao ni chembe mlaji, ambayo madaktari huiita makrofaji. Kazi yake ni kumeza uchafu na vijidudu. Kwa kawaida humeza, huyeyusha, na kazi imekwisha. Lakini viko vitu ambavyo haiwezi kuvimaliza: bakteria wa kifua kikuu mwenye ganda la nta, yai la kichocho, punje ya jiwe, mwiba, uzi wa kushonea kidonda. Hapo mwili hubadili shauri. Adui asiyeuawa hufungiwa ndani. Walaji humzunguka, hunenepa, hushikana bega kwa bega kama matofali ya ukuta, na baadhi yao huungana kabisa wakawa chembe moja kubwa yenye viini vingi. Nje yao hujipanga askari wadogo waitwao limfositi. Ukuta huo wa mviringo ndio granuloma, na mara nyingi kimoja hakifiki milimita moja. Kwa hiyo granuloma si jina la ugonjwa. Ni alama ya kwamba mwili umefunga kitu, na kazi ya laboratwari ni kutafuta kitu hicho.

Kipande cha nyama hutumbukizwa kwanza katika formalini kisioze, kisha huingizwa katika nta ya parafini na kukatwa vipande vyembamba mno, unene wa sehemu nne au tano kati ya sehemu elfu za milimita. Halafu hupakwa rangi mbili: hematoksilini inayotia viini zambarau, na eosini inayotia vilivyobaki waridi. Hapa mgonjwa na daktari wake waangalie jambo moja. Nyama iliyokwisha kutiwa formalini haiwezi tena kuotesha vijidudu. Ikiwa kifua kikuu kinashukiwa, ni heri sehemu ya kipande iwekwe kando bila formalini na ipelekwe mbichi. Jambo hili husahauliwa mara nyingi, na likisahauliwa halirekebishwi ila kwa kumkata mgonjwa tena.

Mpimaji anapoweka kioo chini ya hadubini, swali lake la kwanza ni hili: katikati ya kinundu kuna nini?

Katika kifua kikuu, katikati kumekufa. Viini vya zambarau vimetoweka, na umebaki unga wa waridi usio na umbo. Kinundu kikubwa cha namna hii kikikatwa kwa kisu, nyama yake ni nyeupe na inamong'onyoka kama jibini, ndiyo sababu madaktari wakaita hali hiyo kifo cha jibini. Kando yake huonekana zile chembe kubwa, na viini vyake vimejipanga ukingoni kama mwezi mwandamo. Mjerumani Theodor Langhans alizieleza mwaka 1868, miaka 14 kabla Robert Koch hajatangaza kule Berlin kwamba amemwona bakteria mwenyewe. Wengine huichukua chembe ya Langhans kama muhuri wa kifua kikuu. Si muhuri. Huonekana hata katika vinundu ambavyo kifua kikuu hakikupita.

Baada ya hapo hutumiwa rangi ya Ziehl na Neelsen. Kioo hupakwa rangi nyekundu, kisha huoshwa kwa asidi. Vitu karibu vyote hupoteza wekundu wake, lakini bakteria wa kifua kikuu huushika kwa sababu ya ganda lake la nta. Vijiti vyekundu vikionekana, shauri limekaribia kwisha. Nasema limekaribia, kwa kuwa bakteria wa ukoma naye ni jamaa wa ukoo huo na hushika rangi hiyo. Lakini granuloma za ukoma hufuata mishipa ya fahamu, na mgonjwa ana baka la ngozi lisilosikia maumivu. Na ikiwa vijiti havikuonekana? Msifurahi upesi. Katika kinundu kilichojengwa vizuri bakteria ni wachache, na kipande kimoja kinaweza kuwakosa wote. Kwa mtu ambaye kinga yake imepunguzwa na UKIMWI mambo hugeuka: ukuta ni mbovu au haupo, lakini bakteria ni wengi.

Sasa tuje kwa wenzetu wa mashamba. Katika tambarare ya Imbo, kando ya mto Rusizi, mashamba ya mpunga ya Gihanga hunyweshwa kwa mifereji. Katika maji ya namna hiyo hukaa konokono wadogo waitwao Biomphalaria, nao ndio wanaolea kichocho cha matumbo. Uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 1980 ulikikuta kichocho hicho katika tambarare ya Rusizi, na ukaonyesha kwamba hata ndani ya mji wa Bujumbura watu walikuwa wakiambukizwa. Mdudu mchanga hutoka katika konokono, hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, na mwishowe huishi katika mishipa ya damu ya matumbo. Jike hutaga mamia ya mayai kila siku. Mengine hutoka na choo. Mengi hubaki mwilini, na damu huyachukua mpaka kwenye ini.

Mdudu mkubwa hasumbui sana. Yai ndilo lenye taabu. Kila yai lililokwama katika ini hujengewa ukuta wake, na chini ya hadubini ni picha ambayo ukiiona mara moja hutaisahau: yai katikati, walaji wakilizunguka, na pembeni kundi kubwa la chembe zenye punje nyekundu ziitwazo eosinofili. Chembe hizo zikiwa nyingi, mpimaji mzoefu huanza kufikiri habari ya minyoo na vidudu kabla hajaliona yai lenyewe. Yai la kichocho hiki lina mwiba ubavuni, lakini kisu kinapopita si lazima kipite kwenye mwiba, na mara nyingi linalobaki ni ganda lililokunjamana. Hapo ile ile rangi nyekundu ya Ziehl na Neelsen husaidia tena, kwa kuwa ganda la yai la kichocho cha matumbo nalo hushika wekundu. Anayetafuta vijiti vya kifua kikuu anaweza kukuta ganda la yai, na asiyejua hili atashangaa.

Miaka ikipita, kuta hizo hugeuka makovu. Makovu hufuata mishipa ya ini na kuibana, damu inakosa njia, wengu linavimba, na mwisho mtu anatapika damu. Daktari Symmers aliyaeleza makovu hayo kule Misri mwaka 1904, na mpaka leo huitwa kwa jina lake. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, nayo huwaua wadudu vizuri. Lakini haimkingi mtu atakayerudi katika mfereji ule ule kesho yake, na makovu ya zamani haiyaondoi yote.

Chukueni basi mfano wa mnyweshaji wa mpunga ambaye ini lake limekutwa na granuloma, na karatasi haisemi zaidi. Kama daktari hakuambiwa kwamba huyu hushinda majini magoti, anaweza kumpa dawa za kifua kikuu za miezi sita, na mayai yakaendelea kujenga kuta zake. Kinyume chake nacho kinawezekana: mtu akawa na kichocho na kifua kikuu pamoja. Ndiyo maana aliyekwisha kuanzishiwa dawa za kifua kikuu asiziache kwa sababu amesoma somo hili. Amrudie daktari amweleze kazi yake.

Wanaokata mawe, wanaochimba visima, na wachimbaji wa migodi kama ile ya Kabarore huko Kayanza wanavuta vumbi la jiwe lenye silika. Wazee wetu pia walilivuta, wale waliochukuliwa kutoka Ruanda-Urundi kuanzia miaka ya 1920 kwenda migodi ya Union Minière kule Katanga. Mlaji akimeza punje ya silika, punje humwua, kisha yu tayari mwingine kuimeza, naye hufa. Kinundu kinachotokea hufanana na kitunguu kilichokatwa katikati: pete juu ya pete za kovu gumu, na chembe chache. Wataalamu wengine hawakubali kukiita granuloma hasa. Mpimaji akiweka vioo viwili vya kuchuja mwanga, punje za silika hung'aa kwa unyonge, na talki au nyuzi za pamba hung'aa sana.

Hapa ndipo penye hila. Mapafu yaliyoharibiwa na silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mapafu mengine. Basi mchimbaji anakutwa na kifo cha jibini na vijiti vyekundu, karatasi inaandikwa kifua kikuu, na faili inafungwa. Pete za kitunguu zilizo pembeni hakuna aliyezitaja, kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Kifua kikuu peke yake kitaitwa ugonjwa wa mtaani. Silika ni ugonjwa wa kazi. Shirika la Kazi la Kimataifa liliona jambo hili zamani. Mkataba wake namba 42 wa mwaka 1934 unahesabu silikosi kuwa ugonjwa wa kazi, iwe pamoja na kifua kikuu au bila yake, mradi silikosi iwe sababu kubwa ya ulemavu au kifo.

Tena yako mambo ambayo hadubini peke yake haiwezi kuyaamua hata kidogo. Katika Massachusetts, Marekani, wafanyakazi wa viwanda vya taa za mirija walianza kuugua mapafu, na vinundu vyao havikuwa na kifo cha jibini wala bakteria. Vilifanana kabisa na vile vya sarkoidosi, ugonjwa ambao chanzo chake hakijulikani. Daktari Harriet Hardy na mwenzake walitangaza habari zao mwaka 1946, wakiihusisha na madini ya berili yaliyotumika ndani ya taa hizo. Kioo kilikuwa kile kile. Kilichotofautisha ni kujua wagonjwa walikuwa wakifanya kazi wapi na walishika nini. Mwaka 1949 viwanda vya taa viliacha kutumia berili.

Kwa wenzetu wa viwanda vya nguo, vumbi la pamba lina ugonjwa wake wa kubana kifua, unaozidi siku ya kwanza baada ya mapumziko. Ugonjwa huo haujengi granuloma. Ukiambiwa kwamba granuloma haikuonekana, hiyo haina maana kwamba kifua chako ni kizima.

Basi kipande chako kinapokwenda laboratwari, karatasi inayokisindikiza itaje kazi zako zote, za sasa na za zamani, na miaka uliyofanya: vumbi gani, maji gani, dawa gani ya shambani. Asiyejua kuandika amwombe delege wake wa sendika amwandikie kabla ya siku ya kukatwa, kwa maana mpimaji hamwoni mgonjwa. Anaona kioo na karatasi tu. Jibu likirudi na neno granuloma peke yake, muulize daktari: katikati kulikuwa na nini, rangi nyekundu ilipakwa, mwanga wa kuchuja ulitumika? Uandike pia namba ya kipande. Nyama iliyo ndani ya nta haiozi. Ikitunzwa inaweza kukatwa upya hata baada ya miaka mingi, na mtaalamu mwingine akaitazama kwa rangi ambayo wa kwanza hakuitumia.