Buti Lisilo na Kamba

Chukua futi ya fundi cherehani ujipime mguu mara mbili. Kwanza izungushe juu kidogo ya kifundo, mahali pembamba kabisa. Kisha izungushe kuanzia ncha ya kisigino, ipande mshazari hadi mbele, pale mguu unapokunjikia. Kipimo cha pili kitazidi cha kwanza kwa sentimita kadhaa. Tofauti hiyo ndiyo iliyowasumbua mafundi viatu kwa karne nyingi. Shingo ya buti lazima ipanuke kisigino kipite, halafu irudi kubana kifundo. Ndiyo maana zikawekwa kamba, vifungo na bizimu.

Buti la Chelsea halina hata kimoja kati ya hivyo. Linaishia kifundoni, kisigino chake ni kifupi, nyuma lina kitanzi cha kuvutia, na kila ubavu una kipande cha lastiki. Linatajwa kuwa kazi ya J. Sparkes Hall, fundi wa London aliyemtengenezea viatu Malkia Victoria. Alianza majaribio miaka ya 1830, na kufikia 1851 alikuwa na hataza yake. Jina la Chelsea lilikuja miaka ya 1950 na 1960, mabuti haya yalipopendwa na vijana wa mtaa huo wa London. Wanamuziki wa The Beatles wakayavaa yakiwa na kisigino kirefu zaidi, yakaenea duniani.

Kwa nini isitumike ngozi pekee? Ngozi ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizosukana kila upande. Mbichi huoza, na ikikauka huwa ngumu kama ubao. Fundi huiloweka kwenye tanini, kemikali inayopatikana katika magome ya miti kama miwati inayolimwa Njombe, nayo hujishika kwenye kolajeni na kuzuia uozo. Ngozi hiyo ukiivuta, nyuzi zake huteleza na nyingi hubaki pale zilipofika. Hii ni sifa njema sana: buti jipya hubana, na baada ya muda huwa limechukua umbo la mguu wa mwenyewe. Lakini shingo ya buti ikipanuka namna hiyo, haitarudi.

Mpira hurudi, na sababu yake ndiyo inayonivutia kuliko yote. Wengi hudhani kwamba ndani yake kuna vitu vinavyovutana. Sivyo. Mpira wa asili ni minyororo mirefu ya molekuli, kila mmoja una maelfu ya pingili, na joto la kawaida huifanya icheze bila kutulia. Sasa jiulize: mnyororo wa pingili elfu moja unaweza kunyooka kwa njia ngapi? Moja tu. Kujikunja je? Njia hazihesabiki. Basi ukiuacha ucheze wenyewe, karibu kila mara utaukuta umejikunja. Ukivuta mpira unailazimisha minyororo ijipange. Ukiuachia, ule mchezo wa joto unairudisha kwenye vurugu. Nguvu unayoisikia vidoleni ni ya vurugu hiyo.

Hili unaweza kulithibitisha mwenyewe. Chukua mpira mpana wa kufungia karatasi, uvute ghafla na kuugusisha mdomoni papo hapo. Utausikia una joto. Ushikilie hivyo hivyo kidogo hadi upoe, kisha uachie na kuugusisha tena: sasa una ubaridi. Mwingereza John Gough, aliyekuwa kipofu, alieleza jambo hili tangu 1805 baada ya kulipima kwa midomo yake.

Hata hivyo, mpira mbichi haungefaa buti. Kwenye joto hunata, kwenye baridi hukakamaa, na ukivutwa kwa muda minyororo yake huteleza kama nyuzi za ngozi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiupika mpira na salfa unabadilika kabisa. Thomas Hancock aliomba hataza ya njia hiyo Uingereza mwaka 1843. Salfa hufunga mnyororo huu na ule, hapa na pale. Minyororo bado inajikunja na kunyooka, ila haiwezi kukimbiana. Kiasi ni muhimu: salfa kidogo hutoa lastiki, salfa nyingi hutoa kitu kigumu kama pembe.

Kwenye buti, nyuzi za mpira huo hufumwa pamoja na nyuzi za pamba zikiwa zimevutwa. Zikiachiwa, kitambaa hujikunyata. Mguu ukiingia, pamba hunyooka, na ikifika mwisho husimamisha mvuto kabla mpira haujakatika.

Australia wameliboresha umbo lenyewe. Ngozi ya buti maarufu la kampuni ya R.M. Williams hukatwa ikiwa kipande kimoja na kuungwa nyuma tu, kwa hiyo mishono ambayo maji yanaweza kupenya hupungua.

Kinachotangulia kuchakaa mara nyingi ni lastiki. Oksijeni na ozoni ya hewani hushambulia minyororo ya mpira, na mafuta huivimbisha. Unapopaka rangi ya viatu, ishia kwenye mshono wa ubavu, na usianike mabuti juani. Lastiki ikilegea hata hivyo, mpelekee fundi viatu afumue ubavu na kushonea mpya, maana ngozi nzuri iliyotunzwa itakuwa bado ina miaka mingi mbele yake.