Kusini kwa Gari la Kulala: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Wastaafu Wawili

Barua ya kustaafu imefika, keki ya ofisini imeliwa, na sasa mzee na bibi mnataka kwenda Mtwara kwa gari lenye godoro ndani, mlale popote jua litakapowachwea. Wazo ni zuri. Kutoka Mbagala hadi Mikindani ni lami, zaidi ya kilomita 500, na bahari iko mkono wa kushoto safari nzima ingawa mara nyingi hamtaiona. Lakini nimeona wenzetu wa rika hili wakirudi kutoka huko wakiwa hawasemezani, na wengine wamerudishwa na gari la kuvuta. Kwa hiyo masharti yafuatayo ni makali, na sikuyalainisha.

Msinunue gari kwa kiinua mgongo. Fedha hiyo hutoka mara moja. Baada yake ni pensheni ya mwezi, na pensheni hainunui injini. Kodisheni kwanza. Dar es Salaam wapo wanaokodisha magari yenye hema juu ya paa. Au chukueni Noah mliyo nayo, ng'oeni viti vya nyuma, wekeni ubao na godoro la inchi nne, mshone mapazia. Kisha laleni humo usiku mmoja uani kwenu, geti likiwa limefungwa. Atakayeamka kiuno kimekaza atakuwa amejua mapema, tena bila kulipia mafuta ya kwenda Kilwa.

Hema la paa lina ngazi. Mtu wa miaka sitini na kitu, anayeamka mara mbili usiku kwenda haja ndogo, asilale juu ya ngazi.

Msivute tela. Kurudi nyuma na tela ni ufundi, na vichochoro vya Kilwa Kivinje si mahali pa kujifunzia.

Nendeni kati ya Juni na Oktoba. Kusi huchafua bahari, lakini hewa ni ya kipupwe na barabara ni kavu. Mei 2024 kimbunga Hidaya, na mvua zilizokitangulia, vilikata barabara hii eneo la Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Kijana hulala kwenye siti siku mbili akitania. Mwenye presha aliyeishiwa vidonge hatanii.

Bebeni dawa za siku zote za safari na za wiki moja zaidi, mzigawe katika mifuko miwili, mmoja usiondoke mwilini. Insulini isikae kwenye dashibodi wala ndani ya gari lililofungwa juani. Lindi na Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, basi chandarua chenye dawa kifungwe kila usiku, hata pale upepo unapowadanganya kwamba hakuna mbu.

Msiwashe jiko la mkaa ndani ya gari wala ndani ya hema, hata kwa dakika kumi za kuchemsha chai wakati wa mvua. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu. Anayeivuta husinzia, basi. Mtungi wa gesi nao utumiwe nje na ufungwe kabla ya kulala. Hili halina mjadala.

Msitangaze safari kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mkitangaza, kabla ya Mkuranga mtakuwa mmebeba mchele wa mtu, kitanda cha mtu, na kijana anayekwenda kuripoti shule Lindi. Semeni gari limejaa, nanyi msiogope macho ya watu. Mjukuu pia asije safari ya kwanza, mtamlea, hamtasafiri.

Hata hivyo, mkipita penye ndugu, ingieni. Hapa ndipo wengi huharibu, na huharibu kwa miaka. Mmefika Lindi, shemeji ametandika shuka mpya, nanyi mnamwambia mtalala ndani ya gari uani kwake. Hatauliza kitu. Ataona tu kwamba nyumba yake imekataliwa na watu wa Dar es Salaam wenye mapazia kwenye Noah, na habari itafika kwenye msiba ujao wa ukoo kabla yenu. Kuleni kwake, ogeni kwake, mpeni sukari na khanga mliyomchukulia, mlale usiku mmoja kitandani kwake. Kesho yake asubuhi mfungulieni milango ya gari, mwonyesheni godoro na jiko, mwacheni acheke atakavyo. Usiku huo mmoja ndio ushuru wa barabara ya kusini, na ni nafuu.

Mke ashike usukani. Leseni zote mbili ziwe hai, na mbadilishane kila baada ya saa mbili, kwa sababu usingizi wa alasiri haumwombi dereva ruhusa, na katika umri huu huja mapema. Anayekaa kushoto asikanyage breki ambayo haipo miguuni pake. Asiseme "taratibu" isipokuwa kuna mbuzi. Nawe mzee, kama ulidhani safari hii ni kumhamishia mkeo jiko kwenye magurudumu, mwache nyumbani apumzike. Anayeendesha hapiki siku hiyo. Kama wote mmeendesha, mama lishe wapo kila stendi, kuanzia Kibiti.

Katika makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Trafiki wenye tochi hukaa pale mteremko unapoingia kijijini, na faini ya kosa ni shilingi 30,000. Lipeni mwondoke. Kwamba mmoja wenu alikuwa mkurugenzi wa idara, trafiki hajui na hana haja ya kujua.

Jua likizama, gari liwe limesimama. Malori ya saruji huharibika na kuachwa katikati ya njia, na alama pekee ya kumwonya anayekuja ni matawi ya miti yaliyotupwa kwenye lami, ambayo taa zenu zitayaona mmeshayafikia. Mkivuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003, msivutiwe kwenda kulala kando ya mto. Wapo viboko, wapo mamba. Simba nao: kati ya 2002 na 2004 waliua watu zaidi ya thelathini wilayani Rufiji, wakiwamo wakulima waliokuwa wakilinda mashamba. Laleni penye watu.

Na penye watu hapalaliwi kimyakimya. Mtu wa mjini akiona ufukwe mtupu hudhani hauna mwenyewe. Una wenyewe, nao wamewaona tangu mlipokata kona. Mwaka 2017 Kibiti, Mkuranga na Rufiji zilipitia mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi, na kwa sababu hiyo gari lisilojulikana, lenye mapazia, lililoegeshwa gizani, si jambo la kuchekwa huko. Fikeni kabla ya saa kumi na moja jioni. Ulizeni kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji, mpige hodi, mjitambulishe kwa majina na mnakotoka, msaini kitabu cha wageni. Yeye atawaambia pa kuegesha, maji yako wapi, choo cha nani mtumie, na kijana gani alinde. Kijana huyo mlipeni, tena mlipane mbele ya mwenyekiti. Mzee mkubwa kuliko nyinyi mpeni shikamoo hata kama mmezoea kupewa. Kustaafu hakukuwafanya kuwa wazee wa pale. Ikiwa ni Ramadhani, msile wala kunywa hadharani mchana, na moshi wa chapati zenu usipite kwenye madirisha ya watu waliofunga.

Nguo za kuogelea zibaki majini. Mama ajifunge khanga, na mzee naye avae shati.

Msiegeshe chini ya mnazi wenye nazi. Kioo cha mbele cha Noah hakipatikani Nangurukuru.

Sasa bahari, na hapa nitakaa. Katika pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, siku moja au mbili baadaye, huja bamvua: maji hupwa mbali kabisa na kujaa juu kabisa, tofauti ya mita tatu na zaidi. Saa za bamvua hazibadiliki sana. Maji hupwa mnamo saa nne asubuhi, hujaa mnamo saa kumi alasiri, hupwa tena saa nne usiku, hujaa tena saa kumi alfajiri. Someni upya saa hizo mkiwa na gari kichwani. Mmefika mchana kabla ya adhuhuri, mchanga ni mpana na mgumu kama saruji, mnashuka nalo hadi karibu na maji, mnatandika mkeka. Alasiri mnashtuka, mnalisogeza juu kidogo, mnajiona werevu. Saa nne usiku bahari imekimbia tena, mnalala kwa amani. Saa kumi alfajiri chumvi iko kwenye gia boksi. Na jamaa wa kulivuta wanataja bei wakitazama maji yanavyopanda.

Kwa hiyo msishushe gari mchangani hata kidogo. Egesheni juu ya mstari wa majani makavu ya baharini, juu sana, penye udongo na nyasi, na mwulize mvuvi maji ya bamvua yanafika wapi. Yeye anajua bila kutazama simu. Sababu ya pili ni kasa: hutaga mchangani, tairi huyaponda mayai, na taa za gari huwapoteza vifaranga wanaotafuta bahari. Zimeni taa.

Maji mafu, yaani siku za katikati ambazo bahari haina papara, ndizo za wazee kuogelea. Vaeni viatu vya raba majini. Kokoteni miguu mnapotembea, samaki taa akimbie. Mkimkanyaga, mkia wake una mwiba.

Kuleni changu, nguru, kolekole, pweza, kwa bei ya mnadani ufukweni na si ya mtu aliyewafuata garini. Bunju msimguse. Nyama ya kasa pia, hata mkikaribishwa kwa heshima: Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kuila. Zaidi ya hapo, kumwua kasa ni kosa la jinai.

Kilwa Kisiwani nendeni kwa kibali. Hutolewa Kilwa Masoko, karibu kilomita 30 kutoka Nangurukuru, pamoja na mwongozaji. Vukeni asubuhi, mkiwa na kofia, maji ya kunywa na jaketi za kuokolea. Nahodha asiye na jaketi mwacheni, hata kama ni mcheshi. Ibn Battuta alifika hapo 1331 na kuusifu mji. Kuta zilizobaki ni za matumbawe na chokaa, na tangu 1981 zimo katika Urithi wa Dunia, kwa hiyo msipande juu ya magofu ya Husuni Kubwa kutafuta picha. Songo Mnara ni mbali zaidi, na maji yakiwa yamepwa mtashuka kwenye tope la mikoko hadi magotini. Mwenye goti bovu abaki Kisiwani, aone Msikiti Mkuu taratibu, hatakuwa amekosa mengi. Kivinje, mji ambako Wajerumani waliwanyonga wapiganaji wa Majimaji, upo mnara wa kumbukumbu yao. Nimeona shuka imeanikwa kwenye uzio wa mnara wa namna hiyo. Msianike.

Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kiingilio kipo, kilipeni, mdai risiti. Zaidi ya hapo kuelekea mto Ruvuma msiende bila kuuliza polisi Mtwara kwanza. Vita vya Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, vilianza 2017, na Oktoba 2020 viliwafikia watu wa Kitaya upande wetu.

Taka zote zirudi nanyi hadi penye dampo. Nepi za watu wazima, kama mnatumia, pia. Hakuna aibu kuzitumia. Aibu ni kuzizika mchangani, bamvua lizifukue mbele ya watoto wa kijiji.

Msibanane. Siku nzima ndani ya chumba cha mita mbili na mtu uliyeishi naye kwa kupishana kazini ni mtihani ambao ndoa nyingi hazijafanya. Kila mmoja awe na saa yake ya peke yake, kila siku, bila kuulizwa alikuwa wapi. Bibi awe na fedha zake mkononi, si za kuomba. Anayekoroma alale upande wa dirisha.

Msiendeshe zaidi ya saa nne kwa siku. Siku ya kwanza iishie Ikwiriri au Somanga, ya pili Kilwa, mkae hapo mpaka mchoke. Lindi, kisha Mikindani, mji ambako Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866 na ambao haujawahi kuwa na pupa tangu hapo. Mkiona Kilwa imewatosha, geuzeni gari. Hakuna anayewasubiri Mtwara na karatasi ya kusaini. Na mwenye haraka ya kufika auache usukani, apande basi. Mabasi ya Mtwara huondoka Dar es Salaam alfajiri, na abiria hufika siku hiyohiyo.