Mkulima wa Umatengo na Watu wa Nyumbani Mwake

Wasomaji, leo twapenda kuwaeleza habari za mkulima wa milimani Umatengo, katika Wilaya ya Mbinga, kusini-magharibi mwa Tanzania. Walimu wanaofundisha kilimo, na wakubwa wa vijiji vyenye miinuko, wana mengi ya kujifunza kwake, maana shamba lake liko mahali ambapo mgeni angedhani hapafai hata kuchungia mbuzi.

Wamatengo walijibana katika milima hiyo mikali hasa katika karne ya 19, walipokimbia mashambulio ya Wangoni. Watu wengi wakakaa mahali padogo, wala hawakuweza kuhama na kufyeka mwitu mpya kila ardhi ilipochoka. Iliwapasa kupata chakula katika mteremko ule ule mwaka hata mwaka. Na mvua ya huko ni nyingi, huanza Novemba au Desemba na kuendelea hata Aprili. Mvua kama hiyo ikipiga mteremko uliolimwa ovyo, udongo wote mwema huishia mtoni. Dawa yao huitwa ngoro.

Kazi ya ngoro huanza karibu na Machi, ardhi ikingali na maji. Mume hufyeka majani marefu kwa nyengo, akayaacha yakauke. Kisha huyalaza katika mistari, mingine ikishuka mlima na mingine ikiukata, hata shamba zima likawa kama wavu wenye macho ya mraba, kila jicho yapata futi tano au sita kwa upande. Hapo kazi ya mume imekwisha, na ya mkewe ndiyo kwanza yaanza. Yeye huingia katikati ya jicho na jembe lake, akachimba udongo na kuyafunika majani pande zote nne. Hutawanya mbegu za maharagwe juu ya matuta hayo, akazifunika kwa udongo mwingine wa katikati. Akimaliza, pale aliposimama pamekuwa shimo, na majani yamezikwa ndani ya tuta yaoze yawe mbolea.

Tazameni jinsi maji yanavyofungwa. Yakiteremka hukuta shimo, hutulia, nayo hunywewa na ardhi. Udongo yaliouchukua hutua shimoni, wala hauendi mbali. Shimo likijaa, maji yanayozidi huvuka tuta na kuingia la chini yake, nguvu zikiwa zimekwisha kupungua.

Maharagwe huvunwa Juni au Julai. Desemba hupandwa mahindi juu ya matuta yale yale. Magugu hutupwa mashimoni, na tope la mashimoni hurudishwa juu ya tuta. Mahindi yakisha kuvunwa shamba hupumzika hata Machi inayofuata, ndipo ngoro mpya huchimbwa, na palipokuwa tuta pakawa shimo.

Mashamba hayo hayakuwa ya mtu mmoja peke yake. Mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili huitwa ntambo, na ukoo ulikaa humo pamoja, baba akiwamegea wanawe. Wakati wa chakula wanaume walikutana kwa mzee wao, kila nyumba ikaleta sahani yake; mkutano huo uliitwa sengu. Hapo ndipo magomvi yalipokatwa, na vijana wakasikia jinsi ya kulima. Tena nyumba iliyoleta sahani tupu ilijulikana siku ile ile, wala haikuhitaji kwenda kuomba. Siku hizi sengu ya namna hiyo imefifia sana.

Walakini yafaa tuseme kweli: mzigo wa ngoro ni wa mwanamke. Mume akichelewa kufyeka, mkewe huchimba ardhi iliyokwisha kuanza kukauka, na maharagwe hukosa mvua za mwisho. Tena tangu kahawa ilipoingia Umatengo katika miaka ya 1920, mwanamke huyo huyo huitwa pia kuchuma na kuanika, na fedha yake kwa desturi hushikwa na mume. Haishangazi basi kwamba wengine wameacha ngoro na kulima matuta ya kawaida, yanayokwisha upesi zaidi. Na ntambo zimejaa: kijana anayeoa leo mara nyingi hana budi kushuka nchi za chini kutafuta shamba, akiwa na mke aliyejifunza ngoro kwa mamaye, lakini mbali na wazee waliokuwa wakiulizana, kila Machi, kama majani yamekwisha kulazwa.