Nani Anautaka Ukuu wa Idara?

Muhula wa mkuu wa idara ukikaribia kwisha, wahadhiri huanza kukwepana kwenye korido. Tumemuuliza mhadhiri mwandamizi wa Dar es Salaam aliyewahi kukalia kiti hicho.

Dokta, ni pesa inayowavuta?

Ukiigawa posho ya madaraka kwa saa unazokaa vikaoni, heri ukafundishe vipindi vya jioni. Mwenye shida ya pesa hutafuta kazi za ushauri elekezi. Tena uongozi unakula muda: kupanda kutoka mhadhiri mwandamizi hadi profesa mshiriki kunahitaji machapisho, na machapisho hayaandikwi kati ya kikao na kikao. Nimewaona wenzangu wakiingia na makala tatu mezani, wakatoka nazo zile zile.

Basi kwa nini wanakubali?

Wengi husukumwa na woga: nani atakaa pale mimi nikikataa? Mkuu wa idara ndiye anayegawa kozi, anayeombea idara watu wapya, anayezitetea alama kwenye bodi ya mitihani. Ukiwa na kozi uliyoihangaikia miaka kumi, na unamjua mwenzako anayeiona upuuzi, barua ya uteuzi utaipokea tu.

Mimi nilikubali kwa ajili ya wahadhiri wasaidizi wawili waliokuwa wakisubiri ruhusa ya kwenda kusoma shahada ya uzamivu. Kila wakiuliza wanaambiwa "linashughulikiwa". Siku niliyokabidhiwa ufunguo, nilifungua droo kabla hata sijafuta vumbi kwenye kiti. Maombi yao yalikuwa chini ya ratiba ya mitihani ya mwaka juzi. Hayakuwa na hata muhuri wa kupokelewa.

Wapenda cheo hawapo?

Wapo, na tunawajua! Kuitwa Rasi wa Ndaki, ngazi ya juu ya mkuu wa idara, kuna utamu wake. Sioni dhambi, maana mpenda cheo mara nyingi hujibu barua kwa wakati. Anayenitisha ni yule aliyebembelezwa mno, akaingia kwa kununa, akanuna hadi muhula ukaisha.

Historia ya chuo inachangia?

Kwa kiasi. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kujitegemea, Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza alikuwa Pius Msekwa, mtu wa Bunge na chama. Profesa Matthew Luhanga, aliyeshika usukani mwaka 1991 hadi 2006, alikuwa mhandisi na mwalimu wa hapo hapo. Kijana akiona mwalimu mwenzake amefika juu, naye huanza kuutazama ukuu wa idara kama ngazi ya kwanza.

Ukiombwa tena?

Nimeombwa juzi. Nikasema nina makala haijaisha. Halafu, kwa udadisi tu, nikauliza nani mwingine anafikiriwa. Nilipotajiwa jina, nikaomba nipewe hadi Ijumaa.