Hiki Kilikuwa Wapi? Mafunzo Niliyopata kwa Kukusanya Vitu vya Sinema

Ninakusanya vilivyosalia vya enzi za majumba ya sinema na mikanda ya video: mabango, tiketi, vijitabu vya nyimbo za Kihindi, makava ya VHS, na chochote cha televisheni ya zamani. Wengi hudhani kazi hii inataka fedha. Fedha husaidia, lakini kinachomtenga mkusanyaji na mlundikaji ni kujua kila kitu kimepita wapi kabla ya kumfikia.

1. Shika mkondo mmoja

Ukitaka kila kitu, kuanzia filamu za John Wayne wa Hollywood hadi za Kanumba wa Tanzania, nyumba itajaa na hutakuwa na mkusanyo. Sharti langu ni moja: kitu kiwe kimepita mikononi mwa watazamaji wa Afrika Mashariki. Bango la Hatari!, picha ya mwaka 1962 iliyopigwa Tanganyika, nalichukua iwapo lilibandikwa huku. Lililotoka moja kwa moja dukani Los Angeles nalipita, hata liwe safi vipi. Sharti hilo hunibakishia fedha mfukoni, na hunilazimisha kumuuliza kila muuzaji swali lile lile kabla ya bei: hiki kilikuwa wapi?

2. Alama za matumizi usizifute

Ninachokithamini kuliko vyote ni kijitabu cha Awaara, picha ya Raj Kapoor na Nargis ya mwaka 1951. Vijitabu hivi vilikuwa na muhtasari wa hadithi na maneno ya nyimbo. Changu hakina jalada la nyuma, na kona zimeliwa na mende. Lakini pembeni mwa wimbo mmoja, mwenyewe wa zamani ameandika kwa penseli beti za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na chini ya kila mshororo ametia vijistari vya kuhesabia mizani. Mshororo wa tatu umekatwa mara mbili, ukaandikwa upya. Alikuwa akiutilia wimbo wa Kihindi maneno ya taarab, kama walivyofanya watunzi wengi wa pwani.

Muuzaji aliniomba radhi kwa "uchafu" ule, akataka hata kunipunguzia bei. Mimi niliununua uchafu wenyewe.

Mikanda ya video nayo ni hivyo hivyo. Filamu ya kung fu utaipata popote, lakini mkanda wenye sauti ya msimulizi Lufufu akieleza kwa Kiswahili nani stelingi na nani adui una kitu ambacho kiwanda hakikukitia.

3. Jifunze kuusoma umri

Mabango ya Marekani yaliyosambazwa na National Screen Service, tangu 1940 hadi miaka ya 1980, kwa kawaida yana namba chini, na tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka. Bango la Hatari! la toleo la kwanza litaanza na 62. Ukiona R mbele ya namba, hiyo ni picha iliyorudishwa sokoni baadaye. Mengi ya miaka hiyo pia yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa, kwa hiyo bango lililonyooka bila hata mstari wa mkunjo lichunguze mara mbili.

Vitu vya kwetu vina alama zake. Chenye jina la VoK (Voice of Kenya) ni cha kabla ya 1989, mwaka ambao shirika la utangazaji la Kenya lilirudi kuitwa KBC. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote hadi 1994. Watu wa Bara walionunua televisheni kabla ya hapo, wengi walikuwa wakiziunganisha na deki. Mtu akikuletea kumbukumbu ya kituo cha televisheni cha Dar es Salaam cha mwaka 1985, mpe chai, hela baki nazo.

4. Bei ya mnada si bei ya mtaani

Desemba 2024, viatu vyekundu alivyovaa Judy Garland katika The Wizard of Oz viliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 28 kabla ya ada. Wiki ile kila mwenye kava la VHS mtaani kwetu alijiona tajiri.

Sibishani na wauzaji wa namna hiyo, nawasimulia tu habari nzima. Viatu vile vinajulikana vilivaliwa na nani, viliibwa kwenye makumbusho gani huko Minnesota mwaka 2005, na vilipatikanaje mwaka 2018. Mnunuzi alilipia hadithi iliyothibitishwa. Kisha namgeukia muuzaji: "Haya kaka, na hili bango nalo, nipe habari zake." Mara nyingi bei hushuka yenyewe.

5. Pwani haina huruma na karatasi wala plastiki

Mkanda wa VHS wenye ukungu usiutie kwenye deki. Utachafua hedi, na mkanda utakaofuata utaharibika nao. Riili ya filamu ikinuka siki, imeanza kuoza, na mvuke wake huambukiza riili za jirani. Itenge siku hiyo hiyo. Seloteipu huacha doa la njano lisilotoka. Laminesheni ndiyo mbaya zaidi, maana haina marudio. Mabango yangu nayalaza bapa, mbali na ukuta wa nje, na msimu wa masika nayakagua mara kwa mara.

6. Tafuta watu kabla ya vitu

Jumba la sinema la Majestic, Unguja, lilijengwa mwaka 1955, na waliofanya kazi katika majumba ya aina ile sasa ni wazee. Opereta mmoja mstaafu alinipokea barazani kwake baada ya shikamoo nyingi. Nilimwonyesha bango lenye ukanda wa karatasi uliogandishwa juu ya maandishi. Nilitaka kuubandua.

"Uache, mwanangu," alisema. "Hapo ndipo tulipokuwa tukiandika saa ya onyesho."

Akaendelea kunieleza jinsi kopi moja ya picha ilivyogawanywa kwa majumba mawili usiku mmoja: riili ikimalizika hapa, kijana anaikimbiza kwa baiskeli kule. Sikuondoka na kitu mkononi siku ile, na sijawahi kurudi na mzigo mkubwa zaidi.

7. Daftari ndilo mkusanyo

Kila kinachoingia nakipa namba, na kwenye daftari naandika nani alinipa, alikipata wapi, na alisema nini. Nimeshawaeleza wanangu: nikiondoka, sanduku bila daftari litaishia kufungia karanga, kwa kuwa hakuna atakayejua kilichomo ni nini. Sanduku na daftari pamoja, makumbusho yoyote yatayapokea kwa mikono miwili.

Kama una tiketi moja tu ya zamani, anza na hiyo. Usiandike mgongoni mwake. Itie kwenye bahasha, na juu ya bahasha uandike nani aliingia nayo, jumba gani, kuangalia picha gani. Kama mwenyewe yu hai, mpigie simu leo.